Barua kutoka Lausanne: habari za ngome ya Chillon

Swahiba yangu Salim,

Assalaam aleikum. Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, wasiwasi wangu ni kwenu. Barua yako nimeipata. Umeniuliza juu ya ile ngome iliyo kwenye picha niliyokutumia, na hilo ndilo swali nililokuwa nikilitamani. Basi nivumilie, maana leo nina mengi.

Inaitwa Chillon. Iko Veytaux, jirani na mji wa Montreux huku Uswisi, juu ya mwamba uliotengwa na ufuo wa Ziwa Geneva na mkono mwembamba wa maji. Ukifika pale huulizi kwa nini waliijenga. Mlima unateremka hadi kulikaribia ziwa, na wafanyabiashara waliokwenda Italia kwa njia ya milimani iitwayo Great St Bernard hawakuwa na pengine pa kupita ila ule ukanda mdogo wa nchi kavu. Aliyeshika mwamba ameshika njia. Ngome yatajwa kwenye maandishi ya mwaka 1150, ikiwa mikononi mwa ukoo wa Savoy, na kwa ushuru wa bidhaa zilizopita hapo ukoo huo ulineemeka. Katika karne ya 13 Peter wa Pili wa Savoy aliipanua sana. Upande wa barabarani aliuimarisha kwa minara na matundu ya kurushia mishale. Upande wa ziwani kuna madirisha mapana ya kifahari, kwa kuwa huko ndiko walikokaa wakubwa na familia zao.

Lakini mimi moyo wangu uko kule chini. Chini ya kumbi hizo kuna vyumba virefu vyenye matao na nguzo za mawe, nzuri kama za nyumba ya ibada. Vilianza kama ghala, kisha baadhi vikawa jela.

Mfungwa anayejulikana ni mmoja, François Bonivard, kiongozi wa watawa wa St Victor kule Geneva, aliyempinga mtawala wa Savoy. Alifungwa mwaka 1530. Mwanzoni alitunzwa kwa heshima, ila baada ya miaka miwili akateremshwa chini na kufungwa mnyororo kwenye nguzo, akakaa hivyo miaka minne. Mwaka 1536 majeshi ya mji wa Bern yaliiteka ngome, nao watu wa Geneva wakaja kwa mashua, akafunguliwa. Mwaka 1816 mshairi wa Kiingereza, Byron, alitembelea pale, akatunga shairi refu juu yake. Tangu hapo wageni hawajakoma. Jina la Byron limechorwa kwenye nguzo mojawapo na kuwekewa kioo lisifutike.

Sasa nikwambie linaloniuma. Mwaka 1348, tauni ilipokuwa ikiteketeza Ulaya, Wayahudi wa pande hizi za ziwa walizuliwa kwamba wametia sumu visimani. Baadhi yao waliletwa Chillon wakateswa, akiwemo tabibu mmoja kutoka Thonon, hadi wakakiri wasilolitenda. Papa Clement wa Sita alikuwa ameandika mwaka ule ule kwamba shutuma hizo hazina mantiki, kwani Wayahudi nao walikuwa wakifa kwa tauni hiyo hiyo. Hakusikilizwa. Maungamo yale ya Chillon yalinakiliwa na kupelekwa hadi Strasbourg, na Februari 1349 Wayahudi wa mji huo walichomwa moto kwa mamia. Baadaye, chini ya utawala wa Bern, wanawake na wanaume walioshukiwa uchawi walifungwa humo humo wakingoja kuchomwa. Hao hawakupata mshairi. Wewe unayewatembeza wageni Fort Jesus utanielewa: wageni huulizia mizinga ya Wareno, nani anauliza juu ya wafungwa wa miaka ile ya 1895 hadi 1958, ngome ilipokuwa jela ya Waingereza?

Bern iliishika Chillon kwa zaidi ya miaka 260. Gavana wao alikaa humo hadi 1733, alipohamia mji wa Vevey, na ngome ikabaki ghala, jela na stoo ya silaha. Mwaka 1798 watu wa Vaud, eneo hili iliko ngome, waliasi, na jimbo lao lilipoundwa mwaka 1803 ngome ikawa mali yao. Nao wakaendelea kuweka humo baruti na wafungwa. Matengenezo ya dhati yalianza mwishoni mwa karne ya 19, yakisimamiwa na mtaalamu wa mambo ya kale, Albert Naef, aliyechunguza karibu kila jiwe kabla ya kuligusa. Subira yake hiyo naistahi mno, kwani majengo mangapi ya kale yameharibiwa na mafundi wenye haraka!

Leo ni makumbusho, na kumbi zake hukodishwa kwa karamu na harusi. Siwalaumu maharusi. Jengo lisilotumika huanguka, na kodi yao inasaidia kulitunza. Nataka tu mwenye kuwaonesha watu nguzo ya Bonivard asimame dakika tano zaidi, awasimulie habari za 1348.

Ukipata viza, jaribu kuja kabla ya baridi. Treni za abiria husimama karibu na ngome yenyewe. Tukiingia tutaanzia chini, halafu ndipo tupande kwenye madirisha. Niandikie pia unavyowaeleza wageni wako ile miaka ya jela. Nataka kujua wanakuuliza nini.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wako,
Hamisi