Barua ya wazi kwa Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule: ukija tena, hesabu na walioingia

Ndugu Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule, Manispaa ya Kigoma Ujiji,

Shikamoo kama umenizidi, na kama ni mimi nimekuzidi basi pokea tu kwa heshima ya ofisi. Mi ni mama wa watoto wawili, nakaa Mwanga, nauza dagaa pale Kibirizi na mawese kidogo msimu ukikubali. Najua mkija shuleni mnakagua maandalio ya walimu, madaftari, vyoo, mnakaa na mwalimu mkuu na meneja alafu mnaandika ripoti. Sisi wazazi tunaona gari tu limepaki getini, tunajua leo kuna wageni, watoto wakirudi soksi zao nyeupe. Jambo lenyewe ni shule kuwakaririsha au kuwatoa watoto wenye wastani mdogo kabla hawajafika la saba. Naandika hadharani kwa sababu nikilisema peke yangu naambiwa nina kinyongo, na kweli kinyongo ninacho sitakuficha, ila nisikilize mpaka mwisho.

Shule siitaji jina. Ni ya kanisa, ingilishi midiamu, ya binafsi. Watu wa huku wataijua, au watadhani ni nyingine, na inawezekana hiyo nyingine nayo inafanya hivyo hivyo.

Binti yangu mkubwa alianza la kwanza pale 2017. Elimu bila malipo shule za serikali ilikuwa imeshaanza tangu Januari 2016, watoto wakamiminika, jambo jema sana, ila shule ya karibu na kwangu nilipoenda kuchungulia nikakuta darasa moja lina watoto zaidi ya mia wakati tunasikia mwalimu mmoja ni watoto 45, nusu wamekaa sakafuni wameegemea ukuta. Baba yao akasema bora tubanane sisi. Tukabanana. Na sijutii kwa yule binti, nalisema wazi. Kuna siku la tatu hivi homa ilimpanda darasani, napigiwa simu saa tano asubuhi nikiwa mwaloni, pale boti za dagaa zinaposhushia, kufika nakuta ameshapelekwa zahanati, ameshapimwa malaria, na mwalimu wake wa hesabu amekaa nae kwenye benchi ameshikilia sweta na kichupa cha maji, na kipindi chake kinampita. Yule mwalimu mpaka leo tukikutana sokoni simuachi aondoke mkono mtupu.

Na sisi ni waislamu. Bibi yao yuko Ujiji, mjukuu akienda jumamosi anaosha vyombo huku anaimba mapambio ya shule, bibi anamsikiliza tu, likiisha anamwambia haya sasa nisomee Alhamdu, mtoto anasoma, vyombo vinaisha. Ujiji ile Stanley alimkuta Livingstone tangu 1871, misheni na misikiti tumezoeana sisi. Kuna wazazi wenzangu hawalioni hivyo, wameumia kwamba ushungi hauruhusiwi na ibada ya asubuhi ni lazima kwa wote, wanasema Katiba ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na wakiuliza wanajibiwa ulisaini fomu. Naona wana haki ya kujibiwa vizuri zaidi ya hapo. Ila mimi nilisaini nikijua, dini sio ugomvi wangu na wale watu, nakuomba barua hii usije ukaisoma kwa upande huo.

Tena ngoja nikwambie kingine. 2024 ziwa lilifungwa miezi 3, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, samaki wapumzike. Kwa mtu wa dagaa hiyo ni miezi 3 ya kukaa unaangalia ukuta. Ada ya mdogo wake binti, aliyekuwa shule ile ile, ikanishinda. Nikaenda kwa meneja, mchungaji, mtu wa makamo mpole kweli, nikamwambia pesa sina ila mawese ninayo. Akafikiria, akamuita mpishi, akauliza jikoni wanatumia kiasi gani kwa mwezi. Nikapeleka madumu manne ya lita 20 na mtoto hakurudishwa nyumbani hata siku moja. Ndio maana nasema hawa sio watu wabaya, na ndio maana iliniuma zaidi.

Disemba mwaka huo huo naitwa kuchukua ripoti ya mdogo, anamaliza la sita. Wastani wake 54. Shule inataka 60 kuingia la saba. Meneja yule yule, sauti ile ile ya kwenye mawese, ananiambia mama tumeomba sana juu ya mtoto huyu, tunaona akariri la sita au umtafutie sehemu itakayomfaa. Nikamuuliza kwani upimaji wa taifa wa la nne si alifaulu? Akasema alifaulu. Sasa anakaririshwa na mtihani wa nani? Akasema wa shule. Na wizara imeshakataza zaidi ya mara moja shule kumrudisha au kumtoa mtoto kwa wastani wa kujitungia wenyewe, hilo hata sisi wauza dagaa tumelisikia redioni.

Alafu akanisogezea karatasi. Fomu ya uhamisho, imeshajazwa kila kitu, jina, namba ya PREM ile ya usajili wa mwanafunzi, darasa, bado sahihi yangu tu. Nikasoma taratibu maana kalamu ilikuwa inafifia. Kwenye sababu ya kuhama wameandika: mzazi kuhama makazi.

Ndugu, mi sijahama. Nipo Mwanga nyumba ile ile, tena gari la shule ndio lilikuwa linapita mlangoni kila asubuhi kumchukua huyo mtoto ambaye mama yake amehama. Nilisaini. Usiniulize kwanini nilisaini, mtoto alikuwa amesimama dirishani nje ananiangalia, nikaona nikianza kelele pale atabaki na picha hiyo kichwani.

Usiku ule sikulala, nikatoa bahasha ya picha. Ipo ya binti siku ya kwanza la kwanza, wamepangwa ngazini na masweta makubwa mikono inafika magotini, nikahesabu vichwa 47. Ipo ya mahafali yake la saba 2023, nikahesabu 29. Kati ya hao 29 watatu binti anasema walihamia la tano. Kwahiyo walioanza la kwanza pamoja wakafika la saba pale pale ni 26. Tulikaa na binti kitandani anagusa sura moja moja, huyu baba yake alihamishiwa kazi Dodoma kweli, huyu ada iliwashinda, huyu aliambiwa akariri akakataa, huyu aliambiwa akariri, huyu pia, huyu sijui mama aliacha tu kuja. Nilikuwa nayo ile picha miaka yote ukutani na sijawahi kuhesabu, maana mtoto wangu alikuwa upande wa waliobaki. Hapo na mimi nina deni.

Na mwaka ule bango lilitundikwa getini kwamba wote wamefaulu kwa A na B. Ni kweli, hawakudanganya. Baraza la Mitihani lenyewe lilishaacha kutangaza shule kumi bora kuanzia matokeo ya 2022, ila bango la getini nani analizuia, na mzazi mgeni akipita akaliona anaenda kuuza kiwanja.

Nimeongea na wenzangu kabla ya kuandika. Mama mmoja wa Gungu aliniambia niache, watoto wake watatu wamepita pale wote wana adabu na kingereza, na kwamba shule ni yao na viwango ni vyao, asiyeweza apishe. Ana hoja, shule ya binafsi ina haki ya kusahili mtoto anapoingia. Ila ulishampokea wa miaka sita, umekula ada yake miaka sita, na mawese juu, kama hajui ni nani alikuwa anamfundisha? Baba mwingine wa Katubuka yeye analalamikia viboko, kanuni ya 2002 inasema visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu, yeye aliomba kuona hicho kitabu akaambiwa kinatafutwa. Hilo atakuja kulisema mwenyewe, mi nimegusia tu.

Mdogo kama unataka kujua alimalizia la saba shule ya serikali, ile ile ya wamekaa sakafuni, sasa hivi ina madawati. Kafaulu 2025, yupo sekondari ya kata kidato cha kwanza. Kingereza kinamsaidia na alikipata kule kule, sitawanyima hilo.

Ninachokuomba ni kimoja. Mkienda tena pale, au shule yoyote yenye bango kubwa, msianze na waliofanya mtihani. Chukueni rejista ya la kwanza ya darasa lile lile, muweke pembeni ya orodha ya la saba, na kila ambaye hayupo tazameni sababu ya uhamisho iliyoandikwa, alafu mpigie mzazi wake simu mumuulize umehamia wapi. Namba zetu wanazo, za kudai ada wanatupigia kila mara. Simu kumi tu zinatosha.

Na kwenye fomu ya mwanangu kama ipo namna ya kurekebisha ile sababu naomba irekebishwe, sitaki karatasi ya serikali iseme nimehama.

Picha zote mbili ninazo, nimezifunga kwenye nailoni zisishike harufu ya dagaa. Asubuhi mpaka saa nne napatikana mwaloni.

Mzazi, Mwanga, Kigoma