Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Turkana kuhusu maktaba ya watoto kambini Kakuma

Mheshimiwa Gavana,

Ninakuandikia kwa heshima nikiwa mmoja wa wanaojitolea katika maktaba ndogo ya jamii katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, chumba kimoja cha mabati ambacho kuanzia saa tisa alasiri hujaa watoto hadi wengine huketi sakafuni, wawili au watatu wakiinamia kitabu kimoja.

Kambi hii ilianzishwa mwaka 1992, na baadhi ya wazazi wanaotuletea watoto walizaliwa humu humu. Shule za hapa hufuata mtaala wa Kenya. Kwa hiyo mtoto ambaye nyumbani kwao huzungumzwa Kidinka, Kisomali au Kirundi hutujia akitafuta kitabu cha Kiswahili, kwani atatahiniwa somo hilo sawa na mtoto wa Mombasa. Anachokikuta kwenye rafu ni vitabu vya msaada vya Kiingereza, vingi vikisimulia theluji, kitu ambacho hapa Turkana ni kigumu hata kukieleza. Hadithi za Kiswahili ni chache mno, nasi tumelazimika kukataza zisiazimwe, jambo linalomwumiza hasa msichana ambaye saa za kusoma zimemkuta kwenye foleni ya maji. Akifika, jua limekwisha kutua, na kwa kuwa hatuna taa, tumefunga.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, na Kifungu cha 53 kinapotaja haki ya elimu ya msingi kinasema kila mtoto, bila kuuliza alikotoka. Mpango wa Shirika, yaani mpango wa serikali ya Kenya kuhusu wakimbizi uliozinduliwa mwaka 2025, nao unakusudia wakimbizi na wenyeji watumie huduma kwa pamoja. Kwetu hilo si geni, maana watoto wa Kiturkana kutoka mjini huketi sakafu hiyo hiyo.

Hatuombi jengo, ambalo lingechukua miaka. Tunaomba maktaba hii iingizwe katika huduma za maktaba za kaunti, ipate mkutubi mmoja anayelipwa, taa za sola, na vitabu vya Kiswahili vya kutosha kuazimwa.

Ukija kutuona, Mheshimiwa, tafadhali usije asubuhi. Utakuta chumba kitupu, watoto wakiwa shuleni, na huenda ukadhani hatuna shida.

Wako mtiifu,
Mhudumu wa kujitolea, Kakuma