Shukrani kwa mzee wa Nakano

Mzee mwenye miwani ya kamba, tuliyekutana ngazini pale Nakano Broadway, jengo la maduka huko Tokyo: jina lako sikuliuliza, na Kijapani changu hakivuki salamu. Acha nikushukuru mbele ya watu.

Nilikuwa nimetoka kununua Optimus Prime MP-10, roboti wa kuchezea wa Transformers anayegeuka lori, lile toleo la kampuni ya Takara Tomy la 2011 lenye sura ya roboti wa 1984. Mtumba, lakini safi. Uvumilivu ukanishinda, nikaanza kumgeuza lori palepale ngazini, nikalazimisha goti, pini ikachomoka nusu. Kosa langu mwenyewe, simlaumu muuzaji.

Hukucheka. Ulinionyesha kwa ukucha kwamba ile pini ina meno upande mmoja tu, kwa hiyo husukumwa kutokea upande laini. Ukatandika leso, ukatoa mkobani nyundo ndogo kama ya fundi saa, ukaigonga taratibu hadi ikatoka. Tundu lilikuwa limelegea, ukalipaka tone moja la vanishi ya kucha, tukasubiri ikauke, pini ikarudi mahali pake.

Halafu hukumgeuza wewe. Ulinikabidhi nimalizie mimi, na kila nilipoharakisha ulinigonga kidole! Noti niliyokupa ukaikunja, ukanirudishia mfukoni.

Goti halijayumba tena. Wenzangu wenye kabati zilizojaa maroboti, mkimkuta mtu anahangaika na kiungo, msimpite. Chukueni dakika kumi mkae naye. Asante sana, mzee wangu. Siku hizi natembea na nyundo.