Dawa za mimea za maumivu zipimwe, zisisifiwe tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila mjadala wa dawa za mimea za kutuliza maumivu naona unaishia kwenye ubishi, huyu anasema ni ushirikina tu, yule anasema cha asili hakina madhara, na mgonjwa yuko palepale anaugulia.

Jamani, mofini, ile dawa kali ya maumivu ya hospitalini, ilitoka kwenye utomvu wa afyuni, mfamasia Sertürner wa Ujerumani ndo aliitenganisha mwanzoni mwa miaka ya 1800. Aspirini nayo mizizi yake iko kwenye gome la mti wa wilo (willow kwa Kiingereza), kiini chake kiitwacho salisini kikatolewa humo 1828 na aspirini safi ikatengenezwa 1897. Sasa nani anasema mimea haina kitu?

Mi naipenda sana habari ya pilipili. Ule ukali wake, kapsaisini, unagusa mlango uleule wa neva unaohisi joto la kuunguza, mwanasayansi David Julius alipewa tuzo ya Nobel 2021 kwa kazi hiyo. Ikibandikwa kwenye ngozi kwa kipimo, neva zinawaka kwanza halafu zinapoa kwa muda mrefu, na leo kuna plasta yenye kapsaisini asilimia 8 inayobandikwa na wahudumu wa afya kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Aliyeuguza mtu wa hivyo anajua, hata shuka likigusa ngozi ni kilio.

Ila pilipili ya kusaga nyumbani sio hiyo plasta, itakuunguza tu! Hata mafuta ya karafuu yanayotuliza jino, mtoto akiyanywa yanaweza kumuharibia ini. Na gome la wilo ukichanganya na dawa za kuzuia damu kuganda unaweza kuvuja damu vibaya. Kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru pia, kwahiyo yule anayeuza chupa isiyo na jina la mmea, haisemi ni mzizi au jani, imeandikwa tu kunywa asubuhi na jioni, anacheza na maisha ya watu, maana mmea huohuo ukibadilisha udongo au msimu wa kuvuna nguvu yake inabadilika.

Ombi langu kwenu gazeti, mkiandika kuhusu dawa hizi tuambieni mmea gani, sehemu gani, dozi ngapi, imejaribiwa kwa watu au kwa panya tu, na haiendi pamoja na dawa zipi. Na wasomaji wenzangu, mkienda kwa daktari mtajieni na za mitishamba mnazotumia, msimfiche.

Msomaji wenu