Kwa nini ankara yako ina tope ambalo siyo lako

Wiki iliyopita kaka mmoja mkandarasi kanipigia simu amekasirika kweli, kaona kwenye ankara ya maabara yetu ya kupima sumu ya tope tumeandika "tope la kulinganishia, mitungi 5", akasema mimi nimewapa kazi ya tope la Msimbazi nyie mnanitoza hela ya tope la kwingine, huu si wizi? Siyo wa kwanza. Kila baada ya miezi miwili mitatu napigiwa simu ya namna hii, kwa hiyo naandika hapa ili siku nyingine nitume linki tu.

Jamani, sisi hatupimi sumu kwa pua. Tope la pale Msimbazi inapoingia baharini, Daraja la Salender, linanuka yai viza, ukilikata na kijiko juu unaona kagozi ka kahawia milimita chache halafu chini jeusi tii. Hiyo ni salfaidi, kemikali ya salfa, ipo kwenye tope lolote lisilo na hewa, hata kwenye mikoko ambako hakuna kiwanda wala machinjio. Kinachotuambia kama tope linaua ni amfipodi, vidudu jamii ya kamba, wadogo kama punje ya mchele, maisha yao ni kujizika kwenye tope. Tunaweka 20 kwenye mtungi wa lita moja, tope sentimita 2 chini, maji ya chumvi juu, hewa inapulizwa taratibu, siku 10, halafu tunachekecha kwa chekeche ya nusu milimita tunahesabu wazima mmoja mmoja. Mitungi 5 ya tope lako na mitungi 5 ya tope safi la mbali na mji. Kwenye tope safi wakipona chini ya asilimia 90 jaribio lote linatupwa na tunarudia kwa hela yetu, mteja haongezi hata mia. Sasa bila ile mitungi 5, wakifa vidudu 60 kati ya 100 utajuaje wameuawa na tope lako au na joto la chumba umeme ulivyokatika usiku?

Kinachowagharimu watu siyo tope safi, ni ndoo. Kuna mteja ana gereji karibu na mto, majirani wanalalamika mtaro wake unaua samaki, akaona hela ya boti ni nyingi, akamtuma kijana maji yamekupwa akachimbe na koleo. Koleo imeshuka nusu mita, tope la mwaka huu limechanganyika na la miaka ya nyuma, likatiwa kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, likakaa nyuma ya pikapu siku tatu juani. Tulimwambia hili halifai, tukamwandikia kabisa, akasema pimeni tu. Kati ya 100 walipona 3. Mzee wa watu akaanza kutafuta mkopo wa kusafisha mtaro mzima. Nilimbembeleza turudi kwa boti maji yakiwa yamejaa, tukashusha grebu, kile chombo cha chuma kinachobana tope chini ya maji, tukachota sentimita 2 za juu kwa kijiko cha plastiki, katikati tu bila kugusa kingo za chuma, chupa za kioo zikajazwa mpaka mdomoni hewa isibaki, boksi la barafu, nyuzi 4, gizani, na hatugandishi kamwe. Walipona 84, kwenye tope safi 96. Kalipa mara mbili, na roho iliniuma maana hela ya boti aliyoikwepa ilikuwa robo tu ya alichokuja kulipa.

Wengine wanasema nipimie metali nzito tu, ni rahisi. Sawa, ila maabara ya metali inachemsha tope kwenye asidi, inakupa shaba na zinki yote hata ile iliyoshikwa na salfaidi ambayo kidudu haimfikii. Na amonia ya maji taka inaua vizuri tu bila metali hata kidogo, ndiyo maana tunaipima kabla hatujaweka mdudu. Kama una vituo vingi vya kuchotea tope na bajeti ndogo tuna kipimo cha bakteria wa baharini wanaotoa mwanga, ndani ya nusu saa unajua mwanga umefifia kiasi gani, halafu vile vituo vibaya tu ndiyo vinaenda siku 10. Tupigie kabla hujachimba, siku za bamvua boti inawahiwa.

Yule kaka wa ankara nilimwita aje aone, ilikuwa siku ya 6. Kwenye tope safi hakuona kitu, vitundu vidogo tu, wote wamejizika. Kwenye mtungi wake wa tatu vidudu wanne walikuwa wametoka wanazungukazunguka juu ya tope, hawataki kurudi ndani. Alikaa pale muda mrefu kimya, akaniuliza siku ya 10 mnaanza kuhesabu saa ngapi.