Aspirini inaweza kumnufaisha kiwavi

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge ushauri unaozidi kuenea, wa kunyunyizia mimea maji yenye aspirini ili "kuongeza kinga" dhidi ya kila adui. Kwa wadudu wanaotafuna, ushauri huu unaweza kuleta hasara.

Jani likitafunwa, seli zilizopasuka humwaga glutameti, kemikali ya kawaida ndani ya seli. Seli za jirani huitambua, na wimbi la kalsiamu hupita kwenye mishipa hadi majani ya mbali ndani ya dakika chache. Hapo asidi ya linoleniki, iliyo kwenye utando wa kloroplasti, hubadilishwa hatua kwa hatua kuwa asidi ya jasmoniki, kisha huunganishwa na isoleusini, mojawapo ya asidi amino. Muungano huo ndio homoni yenyewe inayofanya kazi: husababisha kuvunjwa kwa protini za JAZ, ambazo wakati wa amani huzizima jeni za ulinzi.

Kinachofuata kilionyeshwa na watafiti Green na Ryan mwaka 1972. Mnyanya ulioliwa na mdudu hujaza protini za kuzuia vimeng'enya vya mmeng'enyo, hata katika majani ambayo hayajaguswa. Mdudu anashiba, ila protini ya jani haimeng'enywi vizuri tumboni mwake, na ukuaji wake unadumaa. Kazi hii huchukua saa nyingi, kwa hiyo mmea hauwezi kuokoa jani la kwanza, unaokoa yatakayofuata.

Sasa aspirini. Ndani ya mmea hufanya kazi kama asidi ya salisiliki, homoni inayoongoza vita dhidi ya virusi na vimelea vinavyohitaji seli hai. Njia hizi mbili, ya jasmoniki na ya salisiliki, mara nyingi hukandamizana, na kwenye mnyanya imethibitishwa kwamba aspirini huzuia protini hizo za kinga zisitengenezwe baada ya jeraha. Unamnyunyizia kiwavi ruhusa ya kula.

Kinyume chake, kupulizia jasmonati (homoni za jamii ya asidi ya jasmoniki) kila wiki nako si busara, kwani mmea unaojilinda muda wote hupunguza kukua. Kwa majeraha ya kupogolea, inatosha kutumia kisu kikali na safi, kukata siku kavu, na kung'oa machipukizi ya kwapani yakiwa hayajazidi sentimita 5. Makali butu huponda tishu, nayo huchelewa kufunga na kuoza kwa urahisi.

Wanaoandika ushauri wa kilimo gazetini wataje kwanza adui ni nani, ndipo wataje dawa.

Msomaji wako,
Mtaalamu wa mimea