Mahudhurio ya wiki ya 12 ya utafiti wetu wa dawa yamesogezwa hadi Alhamisi

Ndugu washiriki, habari za jioni.

Badala ya Jumatano, tukutane Alhamisi saa 1:30 asubuhi, kliniki ya utafiti, chumba kile kile cha kupimia. Samahani kwa usumbufu.

1. Msile chochote kuanzia saa 3:30 usiku wa Jumatano. Maji ruksa, tena kunyweni ya kutosha; mshipa wa kutolea damu hupatikana kwa urahisi.

2. Dozi ya asubuhi hiyo msimeze nyumbani. Mtaimeza hapa baada ya kutoa damu.

3. Leteni chupa za dawa, hata tupu, pamoja na vidonge vilivyobaki. Tunavihesabu kimoja kimoja. Aliyeruka dozi asivitupe ili kuficha. Hatumgombezi mtu, ila hesabu ya uongo inaharibu majibu ya utafiti mzima.

Fomu ya ridhaa imeongezwa ukurasa. Someni, ulizeni, ndipo mtie sahihi. Anayetaka kujitoa ana haki hiyo wakati wowote, na matibabu yake ya kawaida yataendelea.

Mwenye dalili mpya ampigie muuguzi leo hii, asiiandike humu kwenye kundi wala kungoja Alhamisi.

Tafadhali jibuni NAKUJA au SIWEZI kabla ya Jumanne saa 12 jioni. Asanteni sana.